Kivuli cha Moyo wa Bi Mize

Tulimzika Mzee Mhina Jumatatu. Jumanne jioni bado nilikuwa kwenye mkeka nyumbani kwake Chumbageni, miguu imekufa ganzi, nikiwasikiliza vijana wawili wa kazi yetu ya eksirei wakisifia mashine mpya. Mmoja alikuwa akisema siku hizi huwezi kuharibu picha hata ukitaka: ikitoka nyeusi mno kompyuta inaipunguza, ikitoka nyeupe inaikoleza, unakunywa chai yako. Nikajikuta nimemkata kauli. Nikamwambia kompyuta inarekebisha weusi na weupe, lakini haijui mgonjwa alikaa vipi wala mashine ilikuwa umbali gani, na kitu ulichokivimbisha kwa uzembe wako kitabaki kimevimba hata ukikipaka dhahabu. Wakacheka kwa adabu, namna vijana wanavyomchekea mtu mzima msibani, kisha wakahamia habari za mpira. Sikuwalaumu. Nina miaka hamsini na tatu, nimebakiza saba nistaafu, na ukali wangu juu ya jambo hili una sababu ambayo tangu ujanani sijamsimulia mtu. Marehemu aliijua yote na hakuitoa nje. Sasa nimebaki nayo peke yangu, na sipendi kubaki nayo.

Ulikuwa mwaka niliotimiza ishirini na mmoja, nikapelekwa kujifunza kazi chini yake katika hospitali ndogo kwenye njia ya kwenda Raskazone. Chumba cha eksirei kilikuwa na kiyoyozi pekee cha hospitali nzima, nacho kiliwekwa kwa ajili ya mashine, si kwa ajili yetu. Ilipozimwa mashine na sisi tulizimiwa. Pembeni kulikuwa na chumba cha giza, tulikosafishia filamu kwenye dawa yenye harufu kali ya siki, na taa nyekundu iliyotufanya sote tuonekane wagonjwa. Ukuta wake wa upande wa ukumbini ulikuwa wa mbao nyembamba, na nyuma ya mbao hizo ndipo lilipowekwa benchi la wanaosubiri. Watu wa benchi hawakujua kwamba gizani kuna masikio. Mwaka ule nilijua nani kaachwa, nani kaolewa kwa siri Pongwe, na nesi gani ana mkono mzito wa sindano. Mchana mke wa Mzee alituletea chakula kwenye hotipoti, mara nyingi bada, yaani ugali wa muhogo, na samaki wa kuchemsha mwenye ndimu na pilipili, na Mzee alilikata bada kwa uzi ili vipande vitoke sawasawa. Alikuwa mtu wa vipimo hata mezani. Mimi njaa ilikuwa ikiniuma huku yeye anapanga vipande, na moyoni nilimwita majina.

Neno picha hakulipenda. "Mpiga picha yuko Barabara ya Kumi na Mbili," alisema siku yangu ya kwanza, "ana pazia la maua na kitana cha kukukopesha. Sisi hapa tunapiga vivuli." Baada ya kula alizima taa, akanipa tochi, akachukua kijiko akakisimamisha karibu na ukuta. Kivuli kikatoka chenye ukubwa wa kijiko chenyewe, ukingo wake mkali. Akakisogeza kijiko polepole kuja kwenye tochi, nacho kivuli kikanenepa, kikawa upawa, kikawa sufuria, na kingo zake zikafifia. Akaniuliza kama kijiko kimekua. Nikasema hakijakua. Akasema basi nilishike hilo, maana tochi ni mashine yetu, ukuta ni filamu, na kijiko ni mtu wa watu. Kinachotafutwa kikae karibu na filamu, mashine ikae mbali. Kwa picha ya kifua alikuwa amechora mstari mwekundu sakafuni, hatua mbili ndefu kutoka ukutani, na mashine ilikuwa hairuhusiwi kuuvuka mstari huo kwenda mbele. Moyo umekaa upande wa mbele wa kifua, kwa hiyo mgonjwa anakibana kifua kwenye kaseti, yaani kasha bapa la chuma linalobeba filamu, na mionzi inamwingilia mgongoni. Juu ya bahasha ya picha tuliandika M, mgongo. Ikibidi mgonjwa apigwe kwa mbele, kama yuko hoi kitandani, tuliandika K, kifua, na daktari akiiona K alijua moyo huo umekuzwa na kivuli, haupimiki.

Hilo lilikuwa la umbali na mkao. Lililonitesa zaidi lilikuwa la vitufe. Mzee aliita cha kwanza nguvu na cha pili wingi: nguvu ni ya kupenya mwili, wingi ni wa kuitia filamu weusi, na juu ya hivyo viwili kuna muda. Mpagazi wa bandarini mwenye kifua kipana nilimpa nguvu ya mtoto wa shule, akatoka mweupe kama amekunywa chokaa. Mtoto nilimpa nguvu ya mpagazi, mapafu yakaungua yakawa meusi tii, hayasomeki. Mwingine nilimrefushia muda, naye akapumua katikati, mbavu zote zikawa na ukungu. Filamu zilikuwa za kuhesabu, lakini Mzee hakupiga kelele. Kila niliyoiharibu aliitundika dirishani kwa pini akaiita pazia langu. Kufikia mwezi wa sita pazia lilikuwa limefunika nusu ya dirisha, na wageni wakija aliwaonyesha. Mwezi wa saba halikuongezeka hata kipande kimoja, nikaanza kutembea kifua mbele. Siku hizo nilidhani filamu yenye weusi mzuri ndiyo filamu nzuri, na hapo ndipo nilipoteleza.

Bi Mize aliletwa mwezi wa nane na mpwa wake Faki, fundi cherehani wa Mabawa. Alikuwa mama mtu mzima wa Kipemba, mwembamba, midomo haina damu. Alikuwa na uvimbe kwenye kizazi uliomtoa damu karibu mwaka mzima, na Daktari Massawe, mpasuaji wetu, alikuwa amekwisha kumwongeza damu na kumpangia upasuaji. Kilichobaki kilikuwa picha ya kifua, ajue kama moyo na mapafu yatastahimili dawa ya usingizi. Mzee siku hiyo alikwenda bohari kudai filamu, akaniachia chumba. Nikampa Bi Mize shikamoo, akaipokea, akaniulizia wazee wangu mmoja mmoja kana kwamba anawajua. Kusimama hakuweza, nikamkalisha kwenye stuli kando ya kitanda cha mashine.

"Bibi, naomba ugeuke," nikamwambia. "Unipe mgongo, kifua ukiweke hapa."

Alinitazama usoni. "Nikupe mgongo? Kwani tumegombana mie na weye?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. "Mtu hapewi mgongo, mwanangu," akasema. "Seuze anayenitibu. Nipige hivi hivi nikuone."

Najua msomaji wa mbali atashangaa, lakini mimi nililelewa hivyo hivyo. Nimewahi kufinywa paja kwa kumkalia mgeni mgongo. Kumpa mtu mgongo ni kumsusa, ni kumwambia hana maana kwako. Mzee Mhina aliweza kuwaamuru watu kwa sababu alikuwa na mvi na mzaha wa kuzisindikiza. Mimi nilikuwa binti wa ishirini na mmoja mbele ya mama aliyetoka kuniulizia wazazi. Nikaona haya kusisitiza. Nikaiweka kaseti nyuma ya mgongo wake, akakaa ananitazama, na kwa kuwa stuli ilikuwa kando ya kitanda mashine haikuweza kurudi mpaka kwenye mstari, nikapiga kutoka mita moja. Nikamwambia avute pumzi azuie, akavuta kidogo tu, ya juu juu. Filamu ikatoka na weusi mzuri ajabu, mbavu unazihesabu. Nikaifurahia. Kisha nikashika kalamu ya kuandika kwenye bahasha, nikakumbuka kwamba wiki moja nyuma Mzee alinigombeza ukumbini, watu wanasikia, kwa K ya kijana aliyekuja na miguu yake mwenyewe. Nikaandika M. Sikusahau wala sikuchanganya. Niliandika uongo wa herufi moja ili nisigombezwe, na mpaka mchana nilikuwa nimeshauacha nyuma.

Siku tisa baadaye, asubuhi ya Alhamisi, nilikuwa gizani mikono ndani ya dawa, nikasikia wanawake wawili kwenye benchi.

"Shangazi yake Faki hakupasuliwa?" aliuliza mmoja.

"Kapasuliwa wapi. Kapigwa picha, moyo umekutwa mkubwa. Daktari kakataa, eti akilazwa usingizi hatoamka. Kapewa vidonge vya moyo, kaambiwa apumzike."

"Na damu?"

"Damu inatoka vilevile. Keshokutwa anapanda meli kurudi kwao. Kasema kama ni kufa akafie Pemba."

Filamu iliyokuwa mkononi niliisahau kwenye dawa mpaka ikawa nyeusi yote. Nilisimama pale na taa nyekundu, nikijaribu kujidanganya kwamba huenda moyo wake ni mkubwa kweli na mimi sina hatia. Kila nilipojaribu nilikiona kijiko kinakuja kwenye tochi. Niliogopa kufukuzwa, na nasema ukweli, kwa dakika kadhaa niliogopa hilo kuliko nilivyoogopa kifo cha Bi Mize. Nimeishi na aibu ya dakika hizo zaidi kuliko aibu ya herufi yenyewe.

Mchana Mzee alipokuwa anavuta uzi kwenye bada nikamwambia. Uzi ukabaki mkononi mwake.

"Umbali?" aliuliza.

"Mita moja."

"Kwa mbele?"

"Kwa mbele, amekaa. Na pumzi hakuvuta vizuri."

"Umeandika nini?"

"M."

Akafunika hotipoti, naye alikuwa hajala hata tonge. "Inawezekana moyo ni mkubwa kweli," alisema mwishowe. "Mtu akipungukiwa damu moyo huhangaika, mwisho hutanuka. Inawezekana pia ni mzima kama wangu. Hatujui, na daktari anadhani anajua, kwa sababu wewe umemwambia." Nikaanza kulia. Akaniambia nitalia jioni, sasa kuna kazi. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, akitazama mstari wake sakafuni, "Na mimi nina langu. Nimekufundisha pa kumweka mtu, sikukufundisha cha kumwambia."

Alitaka kunisindikiza kwa Daktari Massawe, nikakataa, si kwa ushujaa bali kwa sababu nilijua nikiwa naye nitamwachia aseme yeye. Nikaingia peke yangu, nikasimama mbele ya meza, nikasema picha ya Bi Mize niliipiga kwa mbele, karibu, na M ile ni ya uongo. Daktari aliitoa picha kabatini, akaiweka kwenye kisanduku cha taa, akaitazama, akanitazama. Moyo ulikuwa umejaa, umevuka nusu ya kifua kwa mbali. "Nimemnyima mama wa watu upasuaji kwa herufi yako," alisema. Hakupaza sauti, ningependa angepaza. Akaniambia nimlete Bi Mize kesho, picha irudiwe, na kama safari hii moyo utapimika ndani ya nusu ya kifua atampasua. Ukizidi, basi, arudi kwao na vidonge vyake. Kuhusu mimi, alisema, tutaonana baada ya hapo.

Mzee akanipa baiskeli yake na nikaenda Mabawa. Nilimkuta Bi Mize chumba cha nyuma kwa Faki, amekaa juu ya godoro, mzigo umekwisha kufungwa kwa kanga mbili. Cherehani ya Faki ilikuwa inalia barazani na chumba kilinukia karafuu; alikuwa anawagawia majirani zilizobaki, fungu fungu, za kuagia. Nikakaa chini. Nikamweleza yote bila kupunguza, na la herufi pia. Alisikiliza huku ameshika fungu la karafuu kiganjani.

"Kwa hivyo huu moyo hamjauona bado," alisema.

"Hatujauona, bibi. Tumeona kivuli nilichokikuza."

"Mie tangu niambiwe mkubwa nausikia unagonga. Usiku na mchana. Chooni naenda nahesabu hatua." Akakifumba kiganja chenye karafuu, akasema, "Umenitia hofu kubwa, mwanangu. Siku tisa nzima naagana na watu."

Nikamwomba radhi. Hakunijibu kwamba amenisamehe, na sikutaka anijibu. Alimwita Faki akamuuliza kama meli ya Jumamosi ndiyo ya mwisho duniani. Faki akasema ipo nyingine. Basi akaniambia atakuja.

Ijumaa asubuhi Mzee alisimama nyuma ya kizuizi cha madini ya risasi, kinachokinga mionzi, na kuniachia mimi. Niliivuta stuli mpaka ukutani, mbali na kitanda. Nikairudisha mashine mpaka kwenye mstari mwekundu, nikapima kwa futi kuhakikisha. Mashine ikiwa mbali mionzi hutawanyika na kudhoofika, kwa hiyo wingi niliupandisha zaidi ya mara tatu ya ule wa kwanza, na nikashukuru kwamba umeme ulikuwa umetulia. Yote hayo niliyajua. Nisilolijua lilikuwa lile la kumwambia. Bi Mize alikuwa amekaa ananielekea, macho yake kwangu, na neno mgongo sikuthubutu kulitamka tena. Nikasimama kando yake, nikaliweka lile kasha bapa wima ukutani.

"Bibi," nikasema, "likumbatie hili. Kama unavyomkumbatia mtu aliyetoka safari."

Alilitazama. "Kukumbatia naweza," akasema, akageuka mwenyewe. Akapitisha mikono huku na huku, mabega yakaja mbele yakaachia mapafu, kidevu akakiegemeza juu, sawasawa kabisa na anavyotakiwa mtu kukaa. Nikamwambia avute pumzi kama ananusa karafuu zake. Akavuta mpaka mwisho. Nikabonyeza.

Nimepiga vifua maelfu tangu siku ile na kila mgonjwa namwambia akumbatie. Vijana ninaowafundisha wanadhani ndilo neno la kitabuni. Hospitali tatu za ukanda huu nimelisikia midomoni mwa watu nisiowafundisha, na kila nikilisikia nafurahi mpaka naona haya.

Chumba cha giza tuliingia wawili. Mzee alishika saa, mimi nikashika filamu. Ikaanza kutoka: kwanza mabega, kisha mbavu, kisha katikati kile kivuli cha moyo. Kwenye taa nyekundu huwezi kujua ukubwa, na nilijizuia nisikisie. Tulipoitoa nje ikiwa inadondoka maji Mzee alinipa rula, yeye akasimama akitazama dirishani, kwenye pazia langu. Nilipima mara mbili. Kifua sentimita ishirini na saba. Moyo kumi na tatu.

"Sema," aliniambia bila kugeuka.

"Kumi na tatu kwa ishirini na saba."

Akageuka akapima mwenyewe, maana alikuwa Mzee Mhina. Kisha akavua miwani akaifuta kwa shati kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. Mimi nilikimbia na filamu mbichi kwa Daktari Massawe, nikidondosha maji ukumbi mzima, mhudumu wa usafi ananilaani. Daktari akaitundika, akaweka rula yake, akaandika kitu kwenye daftari. "Jumatano," alisema. Nikarudi kwenye benchi nikamwambia Bi Mize Jumatano. Akaniuliza kama anaruhusiwa kunywa chai kabla. Nikamwambia haruhusiwi. Akasema hapo ndipo pagumu.

Jumatano nilipiga picha za watu kumi na mmoja na sikumbuki hata mmoja wao. Upasuaji ulichukua saa mbili na ushee. Alipotolewa nilikuwa nimesimama ukumbini na aproni yangu ya risasi, nimesahau kuivua, nikamwona anapitishwa kwenye kitanda cha magurudumu, kifua kinapanda na kushuka chini ya shuka. Daktari Massawe alinipita bila kunisemesha. Nikajua bado yale mazungumzo yetu hayajafanyika, na usiku ule nilifungasha nguo zangu, maana sikuona sababu ya kuniacha.

Asubuhi nilifika mapema kumuaga Mzee. Juu ya meza kulikuwa na fomu kutoka kwa Daktari Massawe, ya mgonjwa mpya, picha ya kifua kabla ya upasuaji. Mzee akanisukumia, akaendelea kukoroga dawa. Mahali pa maelezo, kwa mwandiko ule wao wa kukwaruza, daktari alikuwa ameandika: *Apigwe na yule binti aliyekuja kusema.*